Chupa 300, mmea mmoja

Juzi msomaji mmoja wa Lushoto, anayejaribu kuotesha ua la African violet chupani kutoka vipande vya jani, kaniandikia: "Dada, chupa zangu zote zimeota ukungu siku ya tano. Niache?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu. Maneno hayohayo niliyasema mimi, nimekaa sakafuni jikoni kwa mama, Muheza.

Usiache, mdogo wangu.

Ua hili ni letu. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, ilhali huku Usambara, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu linakoota lenyewe, makao yake yanapungua kila msitu unapofyekwa. Hilo linaniuma tangu nikiwa shuleni.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne kwenye maabara ya miche ya migomba, nikaamini kiua hakitanishinda. Kibali nilikihangaikia sana. Siku ya kuingia msituni nikachuma majani matatu kwenye shina moja lililokuwa karibu na njia, kwa kuwa lilikuwa zuri na mimi nimechoka. Kosa langu kubwa lilianzia hapo, wala sikulijua.

Ukungu ndio ulionitesa kwanza. Jani hili lina vinyweleo, navyo hushika vumbi na mbegu za kuvu. Nilikuwa naliloweka kwenye jiki dakika tano tu nikiogopa kuliunguza. Sasa naliosha kwa sabuni chini ya bomba nusu saa, nalichovya kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha dakika kumi kwenye jiki iliyozimuliwa yenye tone la sabuni, na suuza tatu za maji yaliyochemshwa kwa presha. Chakula chake cha chupani ni kile cha wataalamu Murashige na Skoog cha mwaka 1962, na vipimo vyangu kwa kila lita ni hivi: sukari gramu 30, aga (unga wa kugandisha) gramu 8, pH (kipimo cha uchachu) 5.8, na homoni mbili za mimea, BAP miligramu 1 na NAA miligramu 0.1. Kipike kwenye sufuria ya presha kwa nyuzi 121, dakika 20. Usikisie vipimo.

Vichipukizi vilipotokeza kwenye kingo za vipande vya jani, vidogo kama punje za mtama, nililia. Miezi ya kugawa na kuhamisha siisimulii. Nikafikisha chupa 300.

Nikamwalika mtaalamu mmoja aje aone. Akauliza, "Mimea mama mingapi?" Nikajibu mmoja. Akacheka mbele ya wageni wangu: "Basi una mmea mmoja, umeupiga fotokopi."

Kicheko kile bado nakisikia. Lakini alichosema ni kweli. Miche inayotoka kwenye jani moja ni nakala tupu. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote.

Kwa hasira nikataka kumwonyesha. Kesho yake saa sita mchana nikafungua vifuniko nipande miche udongoni. Adhana ya alasiri ikanikuta natazama mboga zilizochemka. Jani lililokulia chupani halina nta ya kutosha, na vitundu vyake vya kupumulia havijajua kufunga, kwa hiyo maji yote huondoka. Siku hizi nalegeza kifuniko kidogokidogo, naosha aga yote mizizini maana sukari yake huita kuvu, napanda kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, nafunika kwa nailoni, kisha natoboa tundu moja moja kwa wiki tatu. Kuwa na subira. Tena subira.

Nilirudi msituni na kibali kipya. Mimea 14, miamba mbalimbali, jani moja kila mmea, na kila chupa ina namba ya mama yake. Wiki iliyopita tisa kati ya koo hizo zimechanua, na buluu zake hazifanani. Nimewaita majirani wote waje waone, na huyo mtaalamu nimempelekea picha.

Ninyi mnaoniuliza bei ya kuuza vyunguni, msing'oe hata shina moja porini. Ombeni kibali, chumeni jani, andikeni namba. Kuirudisha miche msituni ni uamuzi wa wanaoutunza msitu huo, nami nasubiri wao waseme.

Na wewe wa Lushoto, ongeza dakika za jiki, uanze upya. Halafu niandikie leo jioni: hayo majani umeyachuma kwenye mimea mingapi?