Mistari Inayorukia Karatasi ya Pili

SWALI: Mhariri, nikichapa kumbukumbu za chama chetu kwa amri ya pr (ipangayo maandishi kwa kurasa) kwenye Linux, mistari miwili ya mwisho hurukia karatasi nyingine, na maneno ya upande wa kulia hukatika. Nifanyeje? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Bila kuelekezwa, pr huhesabu mistari 66 kwa ukurasa, yaani inchi 11 za karatasi ya Marekani, mistari 6 kwa inchi. A4 ni ndefu kidogo, lakini printa haichapi hadi ukingoni, hivyo 66 huenda isitoshee. Andika kwa mstari mmoja (kikao.txt ni faili lako, lp hutuma kwa printa):

fold -s -w 70 kikao.txt | pr -F -l 60 -o 5 -h "Kikao" | lp -o media=A4

-l 60 hupunguza mistari ya ukurasa hadi 60, na -h huweka kichwa cha ukurasa. Dawa hasa ni -F: hutuma alama ya kufungua ukurasa mpya badala ya kujaza mistari mitupu. fold hukunja mistari mirefu, na ukisahau -s itakata neno katikati. -o 5 ya pr huacha nafasi ya kutoboa karatasi upande wa kushoto.

Tafadhali usitumie fmt, amri ya kupanga aya, kwenye orodha ya michango. Itaunganisha majina na pesa za wanachama kuwa aya moja. Kabla ya kupoteza wino, weka less (amri ya kusomea kwenye skrini) mahali pa "lp -o media=A4" yote, ukague.