Usiitoe Gundi Yote: Niliyojifunza Nikitafuta Uzi wa Mianzi

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni bei ya mashine. Mtu ana shamba la mianzi Mufindi au Njombe, kaona soksi "za mianzi" dukani, anataka kujua anunue mashine gani ili mwanzi uingie huku na uzi utokee kule. Huwa namwambia mashine aiweke kiporo kwanza. Kabla ya mashine kuna pipa la kuchemshia mwanzi, na ni kwenye pipa nilikopotezea mwaka mzima.

Hizo soksi zenyewe zimetuponza wengi. Zile laini karibu zote ni viskosi: mwanzi umepikwa kwa kemikali ukawa rojo, kisha rojo likasukumwa kwenye vitundu vidogo ndani ya asidi, likaganda kuwa nyuzi. Mkaratusi ukifanyiwa vivyo hivyo unatoa nyuzi zilezile. Mwaka 2009 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwabana wauzaji wanne wa nguo kwa kuziita za mwanzi wakati ni reyoni, ambayo viskosi ni aina yake. Kemikali kuu ya kazi hiyo, kaboni disalfaidi, inashika moto upesi na inaharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo kama ndoto yako ni kuifanyia uani kwako, achana nayo leo. Mimi nasemea njia ya pili, ya kuponda, kuchemsha, kuchana na kusokota, ambayo ni ndugu wa mkonge na juti, ile ya magunia.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kusokota pamba, nikajiona fundi. Nikanunua mashine ya kukamua miwa, ile ya barabarani, iliyotumika. Nikapasua mwanzi vipande vinne, nikaingiza kati ya roli. Ikaponda vizuri mpaka kwenye kifundo. Kifundo cha tatu, gia ikapukutika meno mawili. Kumbe kwenye vifundo nyuzi hupindana na kukatizana, hapapondeki na hata pakipondeka hapatoi kitu cha maana. Vikate vyote, utupe au uchome. Urefu wa uzi wako wa kwanza utakuwa urefu wa pingili, basi. Na ile ngozi ya nje yenye kung'aa ikwangue kabla ya kuponda, maana ina silika, madini kama ya mchanga, na inakula makali ya kila kisu.

Chukua mwanzi mchanga, usiozidi mwaka, ambao bado una mabaki ya maganda shinani. Uliokomaa una lignini nyingi, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi, utaupikia kuni za wiki. Hapo kwetu Iringa kuna kikwazo kingine ambacho hakimo kwenye maelezo ya Wachina: chipukizi la masika haya, ambalo mwakani lingekuwa malighafi yako, kwa mwenye shamba ni ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi. Analikata ncha, analigema asubuhi na jioni, anapata hela kila siku. Mzee mmoja nilipomwomba aniachie machipukizi hamsini alicheka mpaka akakaa chini. Tulielewana baadaye, kwa bei yake.

Sasa pipa.

Siku ya kwanza nilitumia sufuria kubwa la alumini la shughuli, la shemeji yangu. Nikaweka maji, nikatia kostiki soda. Likaanza kutoa povu na kuchemka kabla hata sijawasha moto, na chini likageuka jeusi. Soda inaila alumini, na gesi inayotoka ni haidrojeni, inayolipuka. Shemeji nilimlipa sufuria jipya. Tumia pipa la chuma, vaa glovu na miwani, na soda itie kwenye maji polepole. Kamwe usimimine maji juu ya soda.

Mapishi ya kwanza niliogopa, nikatia soda kidogo. Zikatoka njiti za kuchokolea meno. Ya pili nikaongeza, ya tatu nikaongeza tena na kuacha moto saa tano. Nilipofunua nilifurahi kama mtoto: nyuzi laini kabisa. Nikazitia kwenye beseni kuosha, zikapita katikati ya vidole kama uji. Sikubaki na uzi hata mmoja.

Ilinichukua muda kukubali kilichotokea, kwa sababu kichwa changu kilikuwa cha pamba. Uzi mmoja wa pamba ni seli moja, ina urefu wa karibu milimita 30, inasokoteka yenyewe. Seli moja ya mwanzi ina milimita 2 au 3 tu. Kile tunachokiona kama uzi mrefu wa mwanzi ni maelfu ya seli fupi zilizoshikamana kwa gundi, na gundi yenyewe ndiyo hiyo lignini na wenzake. Ukiitoa yote umetengeneza karatasi. Mkonge na juti ni hivyohivyo, ndiyo maana korona, zile mashine za mkonge za kule Tanga, zinakwangua jani zikaliacha lile fungu la nyuzi lilivyo, bila kulipika.

Kwa hiyo kazi ni kujua pa kusimamia. Mimi sasa kila dakika 15 nachomoa utepe mmoja kwa koleo, nausuuza, nauzungusha kwenye njiti ya kiberiti. Ukivunjika, bado. Ukizunguka, nausugua kati ya kidole gumba na cha shahada: ukigawanyika kwa urefu, natoa pipa motoni saa hiyohiyo, simalizii hata sigara. Ukimeguka vipande vifupi, nimeshachelewa. Suuza mara tatu, ya tatu tia siki kidogo kuua soda iliyobaki. Maji meusi ya pipa usiyamwage mtaroni. Yapunguze ukali kwanza. Jirani yangu ana bata, ndivyo nilivyokumbushwa.

Nyuzi zikikauka kabisa hukatika kwenye kuchana. Viwanda vya magunia huinyunyizia juti maji yaliyochanganywa na mafuta, nami nafanya hivyo, nazifunika na turubai usiku kucha. Kuchana ni kwa misumari mipana. Nilishawahi kuzipitisha kwenye mashine ya kuchania pamba ya rafiki, meno yake membamba yakalala yote, na urafiki ukapoa kidogo.

Kabla ya kununua mashine ya kusokota piga hesabu hii. Pima mita 100 za uzi wako kwa mizani ya sonara, zidisha gramu mara 10, hiyo ndiyo teksi (tex), kipimo cha unene wa uzi, yaani gramu kwa kilomita. Nyuzi zangu moja moja, kabla ya kusokotwa, zina kama teksi 5. Uzi uliosokotwa usiokatika ovyo unahitaji nyuzi kama 60 upande kwa upande. Ni teksi 300. Huo si uzi wa shati, ni wa zulia, mkoba, mkeka, kamba. Ukitaka shati utakata nyuzi fupi, uzipike zaidi kidogo, uchanganye na pamba nyingi, na hapo unahitaji kiwanda kamili.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja msusi wa vikapu. Alinusa uzi, akauvuta kwa meno, akauliza kama unaota ukungu. Nikasema ukianikwa vizuri hauoti. Alichukua mafungu mawili akaondoka. Baada ya wiki tatu alirudisha moja, lina madoa ya kijani ndani, nikalikata mbele yake: nje pakavu, katikati mbichi. Siku hizi sikunji fungu kabla ya siku tatu za jua.