Tamko la Uganga Halimjui Mwenyewe

Mganga wangu wa kwanza katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu humchezesha mhusika wake kwa kurusha dadu, alilala usingizi katikati ya vita, na aliyemlaza nilikuwa mimi mwenyewe. Tulikuwa tumekaa barazani kwa binamu yangu, mtaani Kamalondo, hapa Lubumbashi. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, mshumaa mmoja umesimamishwa juu ya kifuniko cha sufuria, na sakafu ya simenti imechorwa miraba kwa chaki. Mganga wangu alikuwa kipande cha malakiti kilichotupwa na mchongaji, na magoblini watatu (viumbe wabaya wa hadithi) waliokuwa wakitukabili walikuwa vizibo vya bia. Nilikuwa nimebakiwa na pointi 4 tu za uhai. Nikatamka tamko la usingizi, yaani maneno ya uganga ya kuwalaza watu, nikaweka kidole kwenye mraba waliosimama wale magoblini, mita tatu kutoka kwangu, nikarusha dadu tano za pande nane, nikapata 21.

Kwa kanuni za toleo la 2014, jumla hiyo hugawiwa viumbe vyote vilivyo ndani ya mita sita kutoka mahali palipochaguliwa, kuanzia chenye uhai mdogo kuliko vyote. Mwenye uhai mdogo nilikuwa mimi. Pointi 4 zikaniishia mimi, zikabaki 17. Magoblini wawili wenye 7 kila mmoja wakaanguka. Zikabaki 3, ambazo hazikumtosha wa tatu, naye akabaki amesimama na upanga wake kichwani pangu.

“Yaya, hata mimi nimo?” nikauliza; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Binamu yangu, ambaye ndiye mwendesha mchezo wetu, hakuinua hata macho. “Kitabu kimesema viumbe. Wewe si kiumbe?”

Kabla sijaendelea, niseme kwamba neno “mganga” nimelichagua kwa makusudi. Kwetu neno mulozi, yaani mchawi, si la mzaha, na jirani akisikia vijana wanahesabu ulozi gizani, mchezo utaishia kwa wazee. Kwa hiyo mezani petu kuna waganga na matamko yao, basi.

Kosa langu la usiku ule halikuwa kuchagua tamko baya, bali kuweka kitovu, yaani katikati ya eneo la tamko, mahali pabaya. Wengi wetu tunapotaka kumpiga adui tunaweka kitovu juu ya adui, kana kwamba tunarusha jiwe, ilhali tamko la eneo, linalowapata wote waliomo, halihitaji kumlenga mtu. Kama ningelisogeza kitovu nyuma ya magoblini, mita saba na nusu kutoka kwangu, wao wangekuwa mita nne na nusu kutoka kitovuni, yaani ndani kabisa, nami ningekuwa nje. Tangu siku hiyo ninaanza kwa kutafuta ukingo wa eneo upande wangu, kisha ninarudi nyuma kutafuta kitovu.

Umbo la eneo nalo lina lake la kusema. Kanuni zinaeleza kwamba katika tufe na silinda chanzo, yaani mahali eneo linapoanzia, kimo ndani ya eneo, lakini katika koni, mchemraba na mstari chanzo hakimo, isipokuwa mwenye tamko aamue vinginevyo. Ndiyo maana wimbi la radi, ambalo ni mchemraba wa mita nne na nusu unaoanzia kwa mganga, halimwangushi yeye mwenyewe, na mikono iwakayo moto haimuunguzi aliyeinyoosha. Kwa maumbo hayo mganga anaweza kulala usingizi wa amani. Hatari iko kwenye tufe.

Na tufe linaloua waganga wengi ni mpira wa moto. Nusu kipenyo chake ni mita sita, yaani miraba minne kila upande, na huweza kurushwa hadi mita 45. Hutoa dadu nane za pande sita, wastani wa pointi 28, na kwa kanuni za 2014 moto huo huzunguka kona, kwa hiyo kujificha nyuma ya nguzo hakukusaidii kuukwepa. Mganga wa ngazi ya tano, ambayo ndiyo ngazi anayoupata mpira huo, anaweza kuwa na pointi 27 za uhai akiwa mzima wa afya. Fanyeni hesabu wenyewe. Mganga aliyemo ndani hurusha dadu ya kujiokoa, na lazima ifikie namba ya ugumu wa uganga wake mwenyewe, sawa na adui, na kadiri anavyoongezeka ustadi ndivyo anavyojitengenezea mtego mgumu zaidi. Zaidi ya hayo, kama alikuwa ameshikilia tamko jingine linalohitaji umakini, jeraha hilo humlazimisha kujaribu kulibakiza, kwa ugumu wa 10 au nusu ya jeraha, lipi ni kubwa. Nimewahi kupoteza ngao ya wenzangu kwa moto wangu mwenyewe. Sikuambiwa neno, ila siku hiyo sikupewa soda.

Kuna waganga wa shule ya nguvu za kulipua ambao wana kipaji cha kuwakinga watu ndani ya mlipuko wao: mmoja, ukiongeza ngazi ya tamko, kwa hiyo wanne katika mpira wa moto, ambao ni tamko la ngazi ya tatu. Wachezaji hukipenda, nao hawasomi neno moja dogo: kipaji hicho kinawahusu viumbe *wengine*. Rafiki atatoka bila kuungua hata nywele, na mganga ataungua. Msome sentensi yenyewe, msisome muhtasari wa mtu. “Kila kiumbe” si sawa na “viumbe unavyovichagua”. Hata tamko la usingizi, katika toleo la 2024, limegeuzwa kuwa la viumbe unavyovichagua mwenyewe. Laiti lingenifikia mapema. Kwa roho walinzi wanaomzunguka kuhani, ambapo mtamkaji hutaja wasioguswa, mimi hujitaja wa kwanza, kwa sauti, mwendesha mchezo asikie.

Kuna pia matamko yasiyojeruhi, nayo watu huyasahau kwa sababu hiyo. Giza halimwachii aliyelileta jicho lake. Ukimya wa mita sita hufunga kila tamko linalohitaji sauti, na mganga aliyesimama ndani yake amejifunga mdomo. Weka ukimya juu ya mganga wa adui, lakini ukingo wake uishie hatua moja mbele yako.

Sasa ninabeba uzi wa katani wenye mafundo mawili, umbali kati yake ukiwa miraba minne kamili. Ninashika fundo la kwanza kitovuni, ninalizungusha la pili juu ya chaki, na wote wanaona nani yumo. Jumamosi iliyopita uzi uligusa ukingo wa malakiti yangu. Tulibishana karibu robo saa kama mraba ulioguswa umeguswa, mshumaa ukaisha, na binamu yangu akaamua kwa tochi ya simu: nimo.