Usimfute Mead, mweke mahali pake

Habari ndugu. Unauliza kama umwondoe Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyeandika kuhusu ujana na mapenzi ya wasichana wa visiwa vya Samoa, kwenye tasnifu yako, kwa vile msimamizi wako anadai wasichana hao walimdanganya kwa utani. Mimi nisingemwondoa.

Dai hilo linatoka kwa mwanaanthropolojia mwingine, Derek Freeman, aliyemshambulia Mead kitabuni mwaka 1983, miaka mitano baada ya kifo cha Mead. Ushahidi wake mkubwa kuhusu utani ulikuja baadaye: mahojiano ya 1987 na bibi mzee wa Samoa aliyesema walimtania Mead, akikumbuka mambo ya zaidi ya miaka 60 nyuma. Mwanaanthropolojia Paul Shankman alipopekua maandishi ya Mead ya uwandani, hakuona kwamba hitimisho la Mead lilisimama juu ya maneno ya bibi huyo. Hapo hoja ya udanganyifu inayumba sana.

Lakini usimtetee kwa kila kitu. Mead alikuwa na miaka 23 alipofika Samoa, alikaa miezi michache tu kisiwani Ta'ū mwaka 1925–26, akiishi kwenye zahanati ya jeshi la majini la Marekani. Data yake kuhusu wasichana ni nzuri kuliko majumlisho aliyoyatoa kuhusu Samoa nzima. Freeman naye aliishi kisiwa kingine, Upolu, miaka mingine, akiwa amepewa cheo cha kichifu. Unadhani binti angemweleza yeye siri zake za mapenzi?

Kwa hiyo kila unapomnukuu mmoja wao, taja kisiwa, mwaka na nani aliyeulizwa. Msimamizi akibisha, mpe Shankman asome.