Senene kwanza, sitiari baadaye

Ukitaka kujua kama tamathali za semi zinaibeba riwaya yako ya vijana au zinailemea, chukua kalamu nyekundu na ukurasa wowote wa sura ya kwanza. Zungushia kila "kama", "mithili ya" na "utadhani". Ukurasa wa maneno 300 ukiwa nazo zaidi ya mbili, kata. Tashbihi tano zikiandamana, msomaji haoni hata moja. Anamwona mwandishi tu akijipamba.

Kisha tazama zilizobaki zimetoka wapi. Msimulizi wa miaka 15 aliyekulia Masaka, Uganda, hana jahazi wala upepo wa kusi kichwani. Hayo ni ya pwani, tumeyarithi vitabuni. Wala asiseme meno meupe kama theluji, labda awe wa Kasese, anayeviona vilele vya Rwenzori mawingu yakifunguka. Kabla hujaandika, orodhesha vitu 20 anavyovishika kwa wiki moja: sanduku la bati la bweni, jerikeni la njano la lita 20, majani ya mgomba ya kufunikia matoke. Sitiari zake zitoke humo. Methali "debe tupu haliachi kuvuma" imechakaa kwa kutumiwa, lakini mtoto anayeteka maji kila alfajiri akisema "Baba alirudi jerikeni tupu, kila hatua anagonga", methali imepata uhai na baba tumemwona. Vivyo hivyo kwa methali za nyumbani. Waganda husema *kamu kamu gwe muganda*, yaani kimoja kimoja ndio muganda, na muganda ni mzigo uliofungwa, wa kuni kwa mfano. Usikimbilie "haba na haba". Mpe msichana kuni zenyewe, azifunge.

Penye kazi hasa ni jazanda, ile picha moja inayokua kitabu kizima. Tuseme umechagua mtego wa senene, wale panzi wanaoliwa, na hadithi ni ya msichana anayeahidiwa kazi Kampala. Sura ya pili, eleza mtego tu, bila kuufananisha na chochote: taa kali, mabati yaliyosimamishwa kwa kuinama, mapipa chini yake, moshi wa nyasi mbichi. Usiku wa Novemba senene huifuata taa, hugonga bati, huteleza, huishia pipani. Msomaji asikie ule mgongano. Sura ya sita, msichana ananyonyoa mabawa na miguu huku shangazi akiusifu mji. Mikono ifanye kazi, msimulizi anyamaze. Sitiari yenyewe ije mara moja tu, anapofika kituo cha teksi usiku: "Taa zilikuwa nyingi. Nikasikia bati." Baada ya hapo inatosha mlio, mlango wa chuma ukifungwa nyuma yake.

Wengi huharibu papo hapo kwa kuongeza: "Yaani nilikuwa nimenaswa kama senene." Sentensi hiyo inamwambia kijana kwamba hukumwamini. Ifute hata kama ndiyo uliyoanza nayo. Kosa la pili ni kuchanganya: mji uwe mtego, ukurasa unaofuata uwe simba, mwisho wa sura uwe mto. Chagua. Na tukio likiwa la hofu kali, punguza mapambo hadi yaishe, kwa sababu aliyeogopa huona kitasa, hatulii kuangalia kitasa kinafanana na nini.

Mwishowe msomee mwanafunzi wa kidato cha pili ukurasa mmoja kwa sauti, mpe penseli, achore alichokiona. Kiswahili pengine ni lugha yake ya tatu, kwa hiyo tofautisha mambo mawili. Akikwama kwenye neno, badili neno. Akiyajua maneno yote na karatasi bado nyeupe, sitiari ndiyo mbovu.