Dawa ya maji haicheleweshi tangi la samaki kukomaa
Mkuu, umeuliza kama dawa ya kuondoa klorini kwenye maji ya bomba ndiyo inayochelewesha tangi lako jipya la samaki kukomaa, yaani kupata bakteria wa kutosha wa kula amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Hapana, siyo yenyewe. Hata zile zinazofunga amonia, bakteria bado wanaila kama kawaida. Adui ni klorini yenyewe, ndiyo inayoua bakteria hao. Mimi hapa Nyegezi, Mwanza, niliwahi kusuuza sponji ya filta, wanamoishi bakteria hao, chini ya bomba, kazi ya wiki 3 yote ikaenda na maji, amonia ikapanda upya. Siku hizi naikamulia kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, linatoka tope la kahawia, narudisha. Tangi kukomaa kwa wiki 4 hadi 6 ni kawaida, vumilia. Ila dozi ya dawa usiipitishe mno, oksijeni hupungua. Na usichote maji ya ziwani kukwepa klorini, utaleta vimelea.