Kujua mbunge wako anasimama wapi kwa mambo ya ushuru

Ndugu, umesema mheshimiwa wako anasema hili kwa matanga na lile kwa redio, sasa hujui anapinga ushuru ama anaunga. Achana na matanga kabisa. Anza na Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, ule wa kuongeza ushuru, hiyo iko wazi, Juni 25 wabunge 195 walisema ndio, 106 wakakataa, kura 3 zikaharibika, tafuta jina lake hapo. Alafu rudi kusomwa kwa pili, ile hatua ya kabla ya kura ya mwisho, tarehe 20 Juni, ilikuwa 204 kwa 115, ukipata alisema ndio hiyo siku na tarehe 25 hayuko popote, hapo kuna maneno, pengine simu za watu wa kwao zilimchoma ama alikuwa mgonjwa kweli, muulize. Akijitetea eti alipigania VAT ya mkate itolewe, sawa, ilitolewa kabla ya kura, lakini huo mswada uliobaki aliupigia nini?

Shida ni kura nyingi huwa za sauti tu, spika anauliza, wanapiga kelele ya ndio ama la, imeisha, hakuna jina linaandikwa (nafikiri wengine wanapenda hivyo). Hapo itabidi usome Hansadi, ile rekodi ya kila kinachosemwa bungeni, uone alichangia nini, kama alichangia.

Na kura aliyopiga na chama chake mimi siipi uzito sana, wengi wanafuata kiranja tu, yule mbunge anayewaambia wa chama wapige kura vipi. Tafuta ile siku alipinga upande wake mwenyewe.